Kujisaidia mlimani bila kuuchafua: mwongozo wa Kilimanjaro, kuanzia getini mpaka kileleni

Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame hulala mlimani usiku tano au sita. Siku zote hizo atalishwa vizuri, atahimizwa anywe lita tatu au nne za maji kwa siku, na haja zitamshika kama kawaida. Kabla ya safari huelezwa habari za viatu, jaketi na dawa za kichwa, ila suala la choo huachwa mpaka abanwe njiani, ndipo anaambiwa: "Pita nyuma ya jiwe lile." Nyuma ya jiwe lile wameshapita wengi, na walichoacha bado kipo.

Mwongozo huu ni wa anayepanda, anayeongoza na anayebeba mzigo. Nimeuandika kwa kufuata njia ya Machame, lakini anayekwenda kwa Marangu, Lemosho au Rongai, au hata anayepanda Meru na Mlima Kenya, atautumia kwa kubadili majina ya kambi tu.

Kwanza piga hesabu ya watu wote

Chukua kundi la wageni 10. Pamoja nao kuna mwongozaji mkuu, wasaidizi wake, mpishi na wagumu, yaani wapagazi. Wafanyakazi 35 kwa kundi kama hilo ni jambo la kawaida. Kadiria robo kilo ya haja kubwa kwa kila mtu kwa siku, ukijumlisha na karatasi. Watu 45 wanatoa kilo 11 na ushei kwa siku, na kwa safari ya siku saba zinakaribia kilo 80. Za wageni ndani yake ni kilo 17 na nusu. Zaidi ya kilo 60 ni za wafanyakazi.

Sasa angalia choo kinachobebwa. Kile kihema chembamba chenye choo cha kukalia ndani yake huwa ni cha wageni peke yao, tena waliolipia. Mgumu aliyetangulia na kilo 20 za mzigo, akikimbilia nafasi nzuri ya kusimamisha mahema, hana ruhusa ya kukigusa. Akifika kambini anatumia choo cha shimo cha hifadhi. Akibanwa kati ya kambi na kambi anaingia kichakani. Kampuni inayojisifu kwamba inalinda mlima kwa sababu wageni wake wana choo, imeshughulikia chini ya robo ya tatizo. Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini, nikisema "kundi" namaanisha watu wote 45.

Kwa nini uchafu haupotei wenyewe

Shambani kwetu ukifukia kinyesi, baada ya miezi michache hukioni. Kazi hiyo hufanywa na bakteria, kuvu na wadudu, na wote wanahitaji joto, unyevu na udongo wenye mboji. Msitu wa Kilimanjaro, kati ya mita 1,800 na 2,800 hivi, unavyo vyote. Kwenye ukanda wa vichaka vya erika na misenesio, mpaka kama mita 4,000, baridi ya usiku inaanza kupunguza kasi. Ukivuka hapo unaingia jangwa la mlimani: mchanga wa volkano, changarawe, jua kali mchana na barafu usiku. Huko kinyesi hukauka, hugandishwa, huyeyushwa, kisha hugandishwa tena, na karatasi hubaki nyeupe kwenye mawe msimu baada ya msimu.

Mvua ikija, kinachosombwa kinafuata maji. Kijito cha Karanga, ambako wagumu huchota maji ya kupikia na ya kunywa, ndicho kituo cha mwisho cha maji kwa anayekwenda Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele. Barafu yenyewe haina maji, kila tone linabebwa kutoka bondeni. Maji hayo hayo yanateremka kuwa mto Karanga unaopita jirani na mji wa Moshi, yanaungana na mengine ya Mto Kikuletwa na kuingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Mto Pangani. Kwa hiyo anayejisaidia juu ya kijito anawachafulia kwanza wenzake waliolala kambini usiku ule, halafu watu wa mashambani chini.

Baadhi ya vimelea, kama jiadia, hustahimili maji baridi kwa wiki nyingi na hawauawi kirahisi kwa dawa ya klorini. Maji yachemshwe. Kwenye mwinuko wa Barafu, karibu mita 4,670, maji huchemka kwenye nyuzi joto 85 hivi badala ya 100. Joto hilo bado linaua vimelea, lakini mpishi ayaache yatokote dakika tatu nzima, asiipue pindi anapoona mapovu.

Hatua ya 1: Uliza kampuni kabla hujalipa

Usiridhike na jibu la "choo kipo". Uliza kama kuna choo cha kubeba, ni vingapi, na kimoja ni cha watu wangapi. Choo kimoja kwa wageni sita au saba kinatosha. Kumi kwenye kimoja ni foleni kila alfajiri. Uliza wafanyakazi watatumia nini. Uliza tangi likijaa linamwagwa wapi. Jibu sahihi ni kwenye choo cha shimo cha kambi, na pasipo na choo, kinachotoka kinabebwa mpaka kambi yenye choo.

Halafu uliza habari za mgumu wa choo. Huyu ndiye anayebeba choo, anakisimamisha, anakisafisha na kukimwaga, kila siku. Ana glavu ngumu za mpira? Ana barakoa, sabuni na dumu lake la maji? Amechanjwa homa ya matumbo, homa ya ini aina A na pepopunda? Mzigo wake umetenganishwa na vyakula? Na bahshishi yake iko pale pale na ya mgumu mwingine, au amezidishiwa kwa kazi ambayo wengine wameikataa? Mimi naamini lazima azidishiwe, na mgeni ana haki ya kulisema hilo waziwazi siku ya kugawa bahshishi.

Hatua ya 2: Funga kifurushi cha choo, kila mtu na chake

Kila mtu katika kundi abebe kifurushi kidogo ndani ya begi lake la mgongoni, mahali ambapo mkono unafika haraka. Kiwe na:

- karatasi ya chooni, nusu roli, ndani ya mfuko usiopitisha maji;
- mifuko miwili imara ya taka kwa kila safari ya haja utakayolazimika kuibeba, mmoja wa ndani na mmoja wa nje;
- kurasa kadhaa za gazeti kuukuu;
- kiganja kimoja au viwili vya maranda ya mbao au majivu makavu, kwenye kimfuko;
- kipande cha sabuni na chupa ndogo ya kitakasa mikono;
- kijiko cha bustani cha kuchimbia, angalau kimoja kwa kila watu watano.

Kuna mifuko maalumu inayouzwa nje, yenye unga unaogandisha kinyesi na kukata harufu. Mgeni anayetoka Ulaya au Marekani aje nayo, ni mizuri. Lakini mgumu hataipata madukani Moshi, na hatuwezi kuisubiri. Maranda hupatikana bure au kwa bei ndogo kwa mafundi seremala, na yanafyonza unyevu vizuri.

Kuhusu mifuko: marufuku ya Juni 1, 2019 iliilenga mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, vifungashio vya usafi na vya taka viliachwa nje. Hata hivyo getini wanakagua, kwa hiyo chukua mifuko myeusi ya taka na ueleze ni ya kazi gani. Hakuna aliyewahi kulaumiwa kwa kubeba uchafu wake.

Waipsi, vile vitambaa vyenye unyevu vya kujifutia, vinapendwa sana mlimani kwa sababu maji ni machache. Vingi vimefumwa kwa nyuzi za plastiki. Ukivitumia, vinarudi nawe chini, vyote. Havitupwi kwenye choo cha shimo.

Kundi nalo libebe ndoo mbili za lita 20 zenye mfuniko wa kubana, zile za rangi ya ukuta zilizooshwa. Zipigwe alama nyekundu pande zote na juu ya mfuniko. Mpishi naye ana ndoo zake za maji zinazofanana na hizi, na gizani saa kumi alfajiri hakuna anayetazama mara mbili.

Hatua ya 3: Msituni, kutoka geti la Machame mpaka kambi ya kwanza

Nenda haja getini kabla ya kuanza. Usajili huchukua muda, wagumu wanapimiwa mizigo, vyoo vipo na vina maji. Mwongozaji aseme kwa sauti, kwa wageni na kwa wagumu: "Jamani, tumalize hapa hapa." Ukisema hivyo unaepusha nusu ya kuchimba dawa kwa siku ile.

Akibanwa mtu msituni, hapa kuchimba shimo kunakubalika kwa sababu udongo unaweza kumeng'enya. Toka nje ya njia, hesabu hatua kubwa 70 mpaka 80, ambazo ni kama mita 60, kutoka kwenye njia na kutoka kwenye maji yoyote, hata kijito kidogo kilichokauka. Chimba shimo la kina cha sentimita 15 mpaka 20. Usizidishe, chini zaidi udongo hauna uhai mwingi. Ukimaliza koroga kwa kijiti, fukia, rudishia majani. Karatasi usifukie, iweke kwenye mfuko. Kunguru wenye shingo nyeupe na panya wa milia wanaoranda kambini hufukua kila kilichozikwa juu juu, na karatasi ndiyo inayosambaa kwanza.

Njia za msituni ni nyembamba na kingo zake zina utelezi. Mgumu mwenye mzigo hawezi kwenda mita 60 ndani ya msitu na kilo 20. Aruhusiwe kuutua mzigo, mwenzake aulinde, wala asigombezwe kwa kuchelewa. Ukimharakisha atajisaidia hatua tano kutoka njiani, na utakayemlaumu utakuwa umemsababisha wewe.

Hatua ya 4: Ukivuka miti, acha kuchimba

Kuanzia Shira, kambi ya pili, kwenda juu, kanuni ni moja: haja kubwa iende chooni, au ibebwe. Shimo kwenye mchanga wa volkano linahifadhi kinyesi, halikiozeshi. Kuweka jiwe juu yake ni kumtegea mwenzako anayetafuta jiwe la kukalia, na pia kunazuia jua na hewa kukikausha.

Siku ngumu zaidi ni ile ya kutoka Shira, kupitia mwamba wa Lava Tower, hadi kambi ya Barranco. Unapanda mpaka mita 4,600, unashuka tena, tumbo linajaa gesi kwa ajili ya mwinuko, na chakula cha mchana kinaliwa katikati ya safari. Pale Lava Tower kuna choo. Kitumie hata kama hujabanwa, kwa sababu baada ya hapo mteremko wa kwenda Barranco ndiko watu wengi hushikwa.

Na hapo Barranco kuna mtego wake. Baada ya saa nyingi za mawe matupu, ghafla yanatokea misenesio mirefu yenye vichwa vya majani, na lobelia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mtu anapata mahali pa kujificha. Misenesio imejipanga pale kwa sababu kuna maji. Ukiinama nyuma ya shina lake, mguu wako uko hatua chache kutoka kijito kinachochotwa kambini. Ongea jambo hili na kundi zima mkiwa bado Lava Tower, onyesha kwa kidole, sema wazi kwamba kwenye misenesio hakuna kuchimba dawa. Atakayebanwa atumie kifurushi chake upande wa mawe, mwenzake amshikie kanga au ponjo kama pazia. Wageni wengi husita kwa sababu ya aibu tu. Ukiwapa pazia, wanakubali.

Hatua ya 5: Kambini

Vyoo vya kambi vimejengwa na hifadhi, na hali zake hazilingani. Vipo vipya vya kutumia maji, na vipo vibanda vya mbao vyenye tundu sakafuni. Kambi ya Barafu, vibanda vingine vimejengwa ukingoni, na usiku kuna upepo. Nenda na tochi ya kichwa, si ya mkononi, na simu iache hemani. Lenga tundu. Ukikosea, safisha kwa maji na fagio, usimwachie anayefuata; sakafu iliyochafuka ndiyo inayowafanya watu wakikimbie choo na kwenda nyuma ya mawe. Harufu ikikushinda paka mafuta ya mkaratusi kidogo chini ya pua, au vuta skafu.

Ndani ya tundu hutumbukia kinyesi, mkojo na karatasi ya kawaida. Pedi, waipsi, chupa, betri na mabaki ya chakula visiingie. Shimo la kambi kwenye mwamba halichimbwi upya kila mwaka, na likijaa plastiki haliwezi kunyonywa wala kufukiwa vizuri.

Choo cha kubeba kina sehemu mbili, juu maji ya kusafishia, chini tangi. Weka dawa kwa kipimo kilichoandikwa na si zaidi, na chagua dawa isiyo na fomalini, kwa sababu fomalini inaua hata wale bakteria wachache wanaofanya kazi ndani ya shimo. Mwageni tangi likiwa nusu, si likiwa limejaa. Tangi lililojaa ni zito na humwagikia mikononi. Imwagwe polepole, katikati ya tundu, na maji ya kusuuzia yaingie humo humo, yasimwagwe kwenye majani nyuma ya kibanda.

Kwa upande wa wafanyakazi, napendekeza kihema cha pili cha choo. Kiwe cha kawaida kabisa: turubai, ndoo nyekundu yenye kiti cha plastiki juu, maranda pembeni. Kila anayemaliza anafunika kwa kiganja cha maranda. Ndoo isivuke nusu kabla ya kumwagwa. Kinahitaji gharama ndogo tu na mgumu mmoja wa ziada, na kama kampuni inashindwa kulipa mgumu mmoja kwa ajili ya wafanyakazi 35, bei yake ya safari haijapangwa sawasawa.

Mbele ya kila choo, na mbele ya hema la jikoni, tundika kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita tano, toboa tundu dogo karibu na mdomo, lining'inize kwenye fimbo mbili za kutembelea zilizofungwa kamba, kisha funga kamba nyingine kwenye shingo ya dumu ishuke mpaka kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika; hakuna anayeshika dumu kwa mkono mchafu. Sabuni ining'inizwe kwenye soksi kuukuu pembeni. Nusu kikombe cha maji kinatosha kunawa. Kitakasa mikono ni cha njiani. Kambini tumia sabuni, kwa sababu virusi vinavyosababisha kutapika na kuhara, na vijifuko vigumu (sisti) vya jiadia, haviuawi vizuri na spiriti.

Hatua ya 6: Mkojo

Mwinuko unaongeza mkojo, na anayetumia asetazolamaidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, atakojoa zaidi. Usipunguze kunywa ili kuepuka kuamka usiku, kichwa kitakuuma.

Mchana, kojoa kwenye mawe au mchanga, mbali na maji, mbali na mahali pa kusimamishia mahema. Usikojolee mimea ya juu. Inakua polepole sana, na chumvi huwavuta wanyama waje kuifukua. Usiku tumia chupa yenye mdomo mpana, iliyopigwa alama ya utepe unaoweza kuutambua kwa vidole gizani. Wanawake wana faneli za plastiki au silikoni za kukojolea wakiwa wamesimama. Zijaribuni nyumbani bafuni mara kadhaa, si mara ya kwanza Barafu. Asubuhi chupa inamwagwa chooni, sio mlangoni pa hema.

Hatua ya 7: Usiku wa kileleni

Sehemu hii ndiyo inayoharibika kuliko zote, na ndiyo inayoweza kupangwa kwa urahisi kuliko zote.

Watu huondoka Barafu karibu saa sita usiku. Kutoka hapo mpaka Stella Point, ukingoni mwa kreta, karibu mita 5,750, ni mwendo wa saa sita au zaidi, baridi inashuka chini ya sifuri kwa nyuzi kumi na kuzidi, na wanaoondoka saa ile ni mamia msimu ukiwa umechanganya. Hakuna choo juu ya kambi, na kila mahali penye jiwe la kujikinga na upepo pameshatumika.

Dawa ya kwanza ni ratiba. Mwongozaji amwamshe kila mtu saa nzima na nusu kabla ya kuondoka, si nusu saa. Apewe chai ya moto au uji mara anapoamka. Kinywaji cha moto huamsha utumbo, kwa wengi ndani ya dakika 20 au 30. Halafu kila mtu apite chooni, ajaribu, hata kama anasema hana haja. Wasindikizaji nao vilevile. Chakula cha jioni kiwe chepesi: wali, supu, viazi. Maharage na kabichi vibaki vya kambi za chini.

Dawa ya pili ni kifurushi kuwa tayari. Kiwekwe mfuko wa nje wa jaketi, na mifuko miwili iwe imeshafunguliwa midomo, mmoja ndani ya mwingine, kwa sababu vidole vilivyokufa ganzi havifungui mfuko mpya.

Ukibanwa, mwambie mwongozaji mara moja, usingoje. Anafanya hivi: anasogea nawe pembeni ya njia upande usio na mteremko mkali, anazima taa yako na kugeuza yake, anasimama upande wa upepo. Wewe tandika gazeti chini, mawe manne kwenye pembe. Vua glavu nzito tu, zile nyembamba za ndani zibaki, na glavu nzito ziwe na kamba mkononi. Glavu iliyopeperuka pale juu ni vidole vilivyopotea. Chuchumaa, jisaidie juu ya gazeti, weka karatasi uliyotumia juu yake, mwaga maranda, kunja pembe nne, ingiza ndani ya mfuko, toa hewa, funga fundo, kisha mfuko wa nje, fundo tena. Paka kitakasa mikono juu ya vidole vya glavu. Haichukui dakika tano ukiwa umefanya mazoezi ya kukunja gazeti mchana wake.

Mfuko huo unagandishwa na baridi muda mfupi baadaye na hauna harufu. Mwongozaji awe na mfuko mmoja mkubwa wa turubai ndani ya begi lake kwa ajili hiyo, amwambie mgeni kabla: "Dada, ukitumia nipe mimi, wala usiwaze." Sentensi hiyo inaondoa aibu kuliko maelezo marefu. Lakini mwongozaji asilazimishwe kuibeba ya wote. Mwenye nguvu abebe yake.

Kwenye theluji na barafu karibu na kilele usifukie kabisa. Theluji ile inapungua, na kilichofukiwa hutokea juu. Kule Denali, Alaska, mlima wa mita 6,190, wapandaji hubeba makopo maalumu ya haja, na tangu 2018 masharti yamekazwa baada ya wataalamu kuonyesha kwamba kilichotupwa ndani ya barafu kinateremka nayo na kuibuka chini kikiwa bado na vijidudu. Upande wa Nepal wa Everest, tangu 2024 wapandaji wanatakiwa kushuka na haja yao ndani ya mifuko. Sisi kilele chetu hufikiwa na kurudiwa kambini siku ile ile. Kubeba robo kilo kwa saa chache hakutushindi.

Mwanamke akiwa hedhini

Mwinuko na mazoezi hubadilisha tarehe, kwa hiyo hata asiyetarajia abebe pedi za siku tatu. Kila iliyotumika inakunjwa, inaingia kwenye bahasha ya karatasi, kisha mfuko wenye kufungika, na inashuka. Waongozaji wanaume waliseme hili kwenye maelezo ya siku ya kwanza bila kuzungukazunguka, na wawataje pia wagumu wanawake, ambao idadi yao inaongezeka na mara nyingi hawana faragha yoyote kambini.

Mtu akiharisha

Hapa utaratibu wote unakazwa. Mgonjwa atengewe ndoo nyekundu yake peke yake, akiwa mgeni au mgumu. Asiguse chakula, na kama ni msaidizi wa jikoni aondolewe jikoni mpaka siku mbili zipite tangu kuharisha kukome. Apewe maji ya chumvi na sukari au pakiti za ORS. Kiti na mfuniko vipanguswe kwa maji ya klorini kila anapotumia. Akiwa na damu kwenye choo, homa, au akishindwa kunywa, anateremshwa. Hangojewi apate nafuu Barafu. Mgumu anayeficha tumbo kwa kuhofia kukatwa ujira ni hatari kwa kambi nzima, kwa hiyo kampuni itamke kabla ya safari kwamba anayeteremshwa kwa ugonjwa analipwa siku zake zote.

Hatua ya 8: Kushuka

Kutoka kileleni, mifuko yote ikusanywe Barafu. Iliyotumia gazeti na maranda ifunguliwe na mwenye glavu, kilichomo kimwagwe kwenye choo cha kambi, na plastiki itiwe ndani ya ndoo nyekundu pamoja na waipsi na pedi. Ile mifuko ya kigeni yenye unga wa kugandisha isifunguliwe wala isitupwe shimoni, inabebwa ilivyo.

Ndoo ikiwa imefungwa utepe kuzunguka mfuniko, ipimwe, isivuke kilo 20 za mgumu mmoja, na ishuke na mtu wa mwisho, nyuma ya vyombo vya jikoni. Kambi ya Mweka ndipo uchovu unapowashinda watu. Kifurushi bado kinahitajika, maana asubuhi inayofuata mnapita tena msituni kwa saa kadhaa.

Geti la Mweka taka zinapimwa na kuandikwa. Eleza ndoo nyekundu ina nini kabla mtu hajaifungua. Kama hakuna pa kuikabidhi, inapanda gari mpaka kwenye yadi ya kampuni, pedi na plastiki zichomwe kwenye tanuri la taka la kituo cha afya mlichokubaliana nacho kabla ya safari, ndoo ioshwe kwa klorini, iachwe juani siku mbili, na alama nyekundu ipakwe upya kama imechubuka.